Mwizi hakugusa simu yangu, alisoma orodha niliyoibandika mwenyewe

MshonajiWaUmoja (mleta uzi), Jumatatu saa 2:14 usiku

Wadau, hamjambo. Nitaandika kirefu. Jambo hili limenikaa kooni wiki mbili sasa, na nikilifupisha nitakuwa nimeficha sehemu inayoniuma zaidi.

Nashona sare za shule na mapazia hapa Umoja, Nairobi. Kibanda changu kiko ndani ndani, mgeni hakioni bila kuelekezwa, kwa hivyo karibu wateja wangu wote wananipata Facebook na WhatsApp. Mama ananitumia picha ya sare, vipimo vya mtoto na nusu ya pesa. Nikimaliza kushona, mtu wa boda anapeleka. Kodi ya nyumba na karo vinatoka humo. Kwa hivyo tafadhali, asije mtu kuniambia nitoke mtandaoni.

Tuna chama cha wanawake kumi na wanne na mimi ndiye mweka hazina. Mwezi wa tatu mwenzetu alifiwa na mumewe, tukachanga. Mnajua michango yetu inavyokwenda. Mtu anatuma pesa, anabandika ujumbe wa M-Pesa kwenye kundi, mweka hazina anaongeza jina lake, orodha inazunguka tena kwa wengine. Majirani na jamaa wakaingia, tukafika watu arobaini na kitu. Baada ya mazishi nikataka kushukuru. Nikachukua orodha yote, majina mawili mawili, nambari za simu, na kiasi alichotoa kila mmoja, nikaiweka kwenye ukurasa wangu wa Facebook. Ni ule ule wa biashara, ulio wazi kwa yeyote. Nikaongeza picha yetu tukiwa tumevaa leso za kufanana, wote nimewatagi. Nia yangu ilikuwa watu waone kwamba hata shilingi moja haikupotea. Mweka hazina yeyote anaijua hofu ya kusikia kwamba amekula pesa ya mazishi.

Sasa Jumanne ile, kama saa kumi na mbili jioni, watu kumi na mmoja kutoka kwenye orodha hiyo wakapata ujumbe wa WhatsApp kwa nambari ngeni. Picha ilikuwa yangu na jina langu. "Hii ni nambari yangu mpya, laini ya zamani imeharibika. Niko hospitali na mtoto, wanataka pesa kabla ya kumhudumia. Tuma kwa nambari ya karani wa hapa, nitakurudishia Ijumaa tukikutana."

Ijumaa! Tunakutana Ijumaa kweli. Na mtoto alimtaja kwa jina. Yote hayo nimeyaandika mimi, Ijumaa baada ya Ijumaa, na picha ya keki ya mtoto ya mwaka jana bado iko pale na jina lake juu ya keki.

Wanne walituma. 8,000, 6,000, 4,500 na 3,000. Jumla 21,500. Aliyetuma elfu nane ni mama mzee anayeuza githeri karibu na stejini. Ananiambia jina lililotokea kabla ya kutuma lilikuwa la mwanamume asiyemjua, lakini alikuwa ameshaambiwa ni karani, akabonyeza. Baadaye akapiga nambari yangu ya siku zote kuuliza hali ya mgonjwa. Mimi nilikuwa naweka vifungo. Mtoto alikuwa mezani anakula.

Aliyetuma 3,000 alipeleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja kuomba irudishwe. Pesa ilikuwa imeshatolewa.

Kinachonitesa ni hiki. Mimi sikuibiwa hata senti. Simu yangu haikuguswa, namba yangu ya siri hakuna aliyeijua. Mwizi alisoma tu nilichobandika, na kingi kati ya nilichobandika hakikuwa changu. Nambari ya yule mama ni yake, na kwamba yeye ni mtu wa kutoa haraka akisikia mtoto mgonjwa, hilo pia lilikuwa lake. Nililianika mimi, na kiasi chake pembeni.

Swali langu: mnaofanya biashara au mnaoshika pesa za watu, mnaitumiaje mitandao hii bila kuwaanika wengine?

---

BodaDonholm, saa 2:31 usiku

Pole sana mama. Pole zaidi kwa yule shosho wa githeri. Nitarudi kuandika nikimaliza kazi.

---

Kimya_Kingi, saa 2:40 usiku

Futa Facebook. Mimi nilifuta na naishi vizuri.

---

FundiSimuLuthuli, saa 3:05 usiku

Mama Mshonaji, pole. Natengeneza simu Luthuli Avenue na hadithi hii naletewa karibu kila wiki, kwa hivyo kwanza nitenganishe mambo mawili yanayochanganywa.

Kuna kutekwa kwa akaunti. Mtu anakudanganya umpe zile tarakimu sita za uthibitisho zilizokuja kwa SMS, anaifungua WhatsApp yako kwenye simu yake, wewe unatupwa nje. Dawa yake ni uthibitishaji wa hatua mbili. Unaingia Mipangilio, kisha Akaunti, unaweka namba ya siri yako mwenyewe ya tarakimu sita. Fanyeni hivyo leo, hata kama hamkufika mwisho wa uzi huu.

Lakini lililompata mama huyu ni jingine, na hatua mbili hazilizuii. Mwizi alinunua laini, akafungua WhatsApp mpya kabisa, akaweka picha na jina lake. Hakuna kufuli lililovunjwa. Kinachosaidia hapa ni kumpunguzia vifaa. Kwenye Faragha, picha ya wasifu ionwe na walio kwenye orodha yako ya simu tu, si kila mtu. Hapo hapo pana sehemu ya nani anaweza kukuingiza kwenye makundi, ibadilishe pia. Facebook, ficha orodha ya marafiki ibaki kwako peke yako. Wengi wanasahau hiyo, na ndiyo ramani ya mwizi kujua amwendee nani. Pia kuna mahali pa kubana machapisho yote ya zamani kwa mara moja, yaliyokuwa ya umma yawe ya marafiki tu. Lakini hiyo ni ya akaunti binafsi. Ukurasa wa biashara huwa wa wazi, kwa hivyo kule utapitia chapisho moja moja.

Na wote waliopata ule ujumbe wairipoti ile nambari ndani ya WhatsApp. Mmoja akiripoti si sawa na kumi na mmoja.

---

BodaDonholm, saa 4:20 usiku

Nimerudi. Nitamjibu Kimya_Kingi kwa heshima. Ndugu, wengine wetu hatuwezi kufuta. Nambari yangu imeandikwa mgongoni kwenye koti, imebandikwa kwenye makundi sita ya mitaa, kutoka Donholm hadi Fedha. Mteja ananijua kabla sijamjua. Asubuhi kabla ya kutoka nasoma Ma3Route nijue Jogoo Road imekaaje na kama Outering imefungika. Dada yangu alipopotelewa na kitambulisho, aliyekiokota alimpata kupitia kundi la Facebook la mtaa, na hakutaka hata nauli. Hivyo ni vitu vya kweli, vinaokoa siku ya mtu.

Nilichofanya ni kutenganisha. Nina laini ya kazi, hiyo ndiyo iko kwenye koti. Laini ya nyumbani wanayo watu ishirini labda. Pesa za wateja zinaingia Pochi la Biashara, hazichanganyiki na zangu. WhatsApp ya kazi ina picha ya pikipiki, haina uso wa mtoto wala mke. Wateja wanaona ninachouza, basi.

Na jambo jingine. Mteja akiniambia "nipeleke nyumbani kwa fulani", siandiki kwenye kundi la madereva kwamba nimetoka kumshusha fulani nyumba fulani. Wenzangu wengine hufanya hivyo kujisifu na abiria mkubwa. Si haki. Mlango wa mtu si tangazo langu.

---

MwekaHazinaMstaafu, Jumanne saa 12:50 asubuhi

Nimesoma usiku nikashindwa kulala. Nimeshika pesa za vyama viwili kwa miaka kumi na moja, na nataka kumtetea Mshonaji kabla watu hawajamrukia. Orodha ile haikutoka kwenye ujinga. Ilitoka kwenye uaminifu. Chama kinakufa siku ambayo watu wanaanza kunong'ona "mbona hatuonyeshwi". Nimeona kimoja kikifa hivyo, na mweka hazina hakuwa amechukua chochote.

Kwa hivyo usiwaambie watu wafiche. Waambie nani aonyeshwe nini. Aliyechanga ana haki ya kuona mchango wake umefika na jumla ni ngapi. Familia iliyofiwa ina haki ya kujua nani alisimama nao. Mtu anayepita Facebook akitafuta kitambaa cha pazia hana haki yoyote hapo.

Sisi tulifanya hivi. Orodha ndani ya kundi ina jina la kwanza, herufi ya jina la pili, na kiasi, nambari ya simu hakuna. Mtu akibandika ujumbe wake wa M-Pesa, msimamizi anauandika kwenye daftari kisha anaufuta kwa wote, kwa sababu ujumbe ule una salio la mtu pia. Wengi husahau salio! Nimeona watu wakianza kumkopa mwenzao kwa sababu waliona ana elfu sitini kwenye simu. Mwisho wa mwezi ile taarifa kamili ya M-Pesa, ile inayokuja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa nenosiri, wanaisoma wakaguzi watatu tuliowachagua. Wanaisoma mkutanoni, tumeketi, si kwa kutumiana. Wanasema mbele ya wote "tumeona, inalingana".

Tena kuna watu walichanga mia moja, na kwao ile mia ni jasho. Ukiianika kando ya elfu kumi ya jirani umewaaibisha siku waliyokuja kusaidia. Hilo halikunijia siku ya kwanza. Nilielezwa na mama mmoja, kwa upole, kwamba mwaka ule hakuchanga tena kwa sababu hiyo.

Na kile kiungo cha kujiunga na kundi, usikibandike hadharani. Mgeni akiingia, nambari za wanachama wote anazo, hata akitolewa baada ya dakika tano.

---

MwalimuEastlands, saa 1:35 asubuhi

Mwekahazina amenigusa. Nina jambo kwa mleta uzi, nalisema kama mzazi mwenzako na si kwa ubaya. Mama, unashona sare. Ukurasa wako una picha za watoto wakijaribu sare?

Nauliza kwa sababu mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo klabu moja ya Ngong Road ikatozwa 1,850,000 kwa picha ya mteja wao waliyoibandika bila kumuuliza. Tangu siku hiyo, shuleni kwetu mzazi anapewa fomu mwanzo wa mwaka, na kuna watoto tunaowapanga pembeni kwenye picha ya siku ya michezo kwa sababu wazazi wamekataa. Zamani ningeona ni usumbufu. Kisha nikakumbuka mtoto mmoja darasani kwangu ambaye mama yake alikuwa amehama kutoka kwa mume mpigaji, na mume hakujua mtoto anasoma wapi. Picha moja yenye nembo ya shule ingetosha.

---

MshonajiWaUmoja, saa 2:10 asubuhi

Mwalimu, nimesoma swali lako nikaiacha cherehani.

Ninazo. Nimehesabu sasa hivi, sitini na tatu. Watoto wamesimama wima wanacheka, nembo za shule zinasomeka vizuri kwa sababu nilitaka watu waone jinsi ninavyodarizi nembo. Wazazi wengi walinitumia wenyewe wakifurahi, lakini walinitumia mimi. Hakuna niliyemuuliza kama naweza kuziweka.

Nazitoa leo, zote. Nitapiga picha sare kwenye hanga.

---

AsomayeSheria_Ngara, saa 5:02 asubuhi

Nasoma sheria mwaka wa tatu, mimi si wakili bado, kwa hivyo mwenye shida amwone wakili. Lakini msingi uko wazi na kila Mkenya anafaa kuujua.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na ndani yake mnatajwa habari za familia na mambo ya binafsi kutofichuliwa bila sababu ya lazima. Juu ya hicho ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inampa mtu haki ya kujua data yake inatumiwaje, kudai irekebishwe ikiwa na makosa, na kudai ifutwe ikiwa haihitajiki tena au ilichukuliwa kinyume cha sheria. Mtoto anaingia kwa idhini ya mzazi au mlezi. Ukidhulumiwa unapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, na sheria inataka yachunguzwe na kuamuliwa ndani ya siku 90.

Mambo ya nyumbani kabisa, kama albamu ya familia, sheria hiyo haiyafuati. Ila ukurasa wa biashara ulio wazi kwa umma, kwa maoni yangu, hauwezi kujificha chini ya kivuli cha "ni mambo ya nyumbani". Mama amefanya vizuri kutoa zile picha.

Kuhusu mwizi, Sheria ya Makosa ya Mitandao ya 2018 inatambua kosa la kujifanya mtu mwingine, mbali na ulaghai wa pesa wenyewe. Kwa hivyo kuna kesi mbili. Mama, usiende kituoni peke yako. Nenda na wale wanne waliotuma pesa, kila mmoja na ujumbe wake wa M-Pesa, na wasifute mazungumzo kwenye simu hata kama yanawaudhi. Kila mmoja arudi na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Laini ya simu hapa nchini inasajiliwa kwa kitambulisho, hivyo polisi wana pa kuanzia, hata kama mara nyingi kitambulisho chenyewe ni cha mtu aliyetumiwa bila kujua. Aliye na Safaricom abonyeze *106# aone ni nambari ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukikuta usiyoijua, iripoti.

---

MamaWatatu_Kayole, saa 7:15 mchana

Mimi sijawahi kukopa kwa simu, lakini mwaka fulani nilitumiwa matusi kwa sababu shemeji yangu alikopa. Programu ya mkopo ilichukua nambari zote kwenye simu yake, zangu zikiwemo. Ananiuliza mtu nisiyemjua kwa nini "tunaishi na mwizi". Nililia. Kwa hivyo mtu akisema "mimi sina cha kuficha", mwambie nambari za watu mia tatu ziko mfukoni mwake, na hao hawakumpa ruhusa.

---

FundiSimuLuthuli, saa 7:48 mchana

Mama Watatu umesema lenyewe. Mkopeshaji mmoja alitozwa faini ya 2,975,000 mwaka huo huo wa 2023 kwa jambo la namna hiyo, kuwatumia watu vitisho kwa nambari alizozipata kwa wengine.

Hata ile kashfa ya Cambridge Analytica iliyolipuka 2018, kampuni iliyotumia habari za watu wa Facebook kwenye kampeni za siasa Marekani, ilikuwa hivyo hivyo. Waliojibu maswali kwenye ile programu ya Facebook walikuwa laki mbili na elfu sabini hivi. Lakini programu ilivuta na habari za marafiki zao, na Facebook yenyewe ikasema waliofikiwa huenda ni hadi milioni 87. Yaani mamilioni hawakubonyeza kitu. Rafiki alibonyeza kwa niaba yao. Na kampuni ile ilifanya kazi kwenye uchaguzi wetu hapa Kenya, 2013 na 2017, kwa hivyo tusidhani ni mambo ya Marekani tu.

Mtu akiniletea simu, siku hizi namwonyesha mahali pa ruhusa. Programu ya tochi inataka majina ya watu wa nini? Kataa.

---

MzeeWaLanet, saa 1:20 jioni

Wanangu, mimi ni mtu wa Nakuru, nimehamia Kahawa West kwa mtoto. Nitaeleza kidogo. Kule Lanet Umoja tulikuwa na chifu, Francis Kariuki, aliyejulikana hadi ng'ambo kwa kutumia Twitter kulinda lokesheni. Kukitokea wizi usiku aliandika, watu wakatoka. Mtoto akipotea aliandika, mwana-kondoo akipotea aliandika. Wasio na simu kubwa walipata kwa SMS.

Nalitaja kwa sababu maneno yale yalikuwa machache na kila moja lilikuwa na kazi. Kilichoandikwa ni kile ambacho jirani alihitaji ili asaidie. Mchango wa mazishi nao, jirani anahitaji kujua nini? Kwamba mtu wetu amezikwa vizuri na tunashukuru.

---

MshonajiWaUmoja, Ijumaa saa 3:45 usiku

Nimechelewa kurudi, nisameheni. Nimesoma yote, mengine mara mbili.

Jumatano tulikwenda kituoni watano. Tulisubiri saa tatu, lakini afisa aliyetusikiliza alitusikiliza vizuri, na kila mmoja ana nambari ya OB. Ile nambari ngeni imeripotiwa na wote kumi na mmoja. Hatujasikia lolote bado.

Leo tulikutana. Niliwaomba radhi nikiwa nimesimama. Nilitaka wanivue uweka hazina, wakakataa, lakini wamechagua wakaguzi watatu kama alivyoeleza Mwekahazina, na kuanzia leo orodha haina nambari za simu. Ujumbe wa M-Pesa nautoa nikishauandika kwenye daftari. Tulibishana sana juu ya kiasi. Wengine walisema jina bila kiasi si uwazi. Tumekubaliana kwamba ndani ya kundi kiasi kibaki, nje ya kundi jumla tu, na hata hiyo familia iulizwe kwanza. Wawili hawakuridhika, na sidhani wamekosea kabisa, tutalirudia.

Chapisho la shukrani nimelitoa. Keki ya mtoto nimeitoa. Picha za watoto nimezitoa, na niliwapigia simu wazazi niliokuwa na nambari zao. Mmoja alishangaa nampigia kwa jambo hilo. Mmoja alinyamaza kidogo, kisha akaniambia asante kwa sauti ambayo sitaisahau. Sikumuuliza sababu.

Pesa ya yule mama wa githeri nitailipa mimi, elfu mbili kila mwezi. Alikataa. Nikamwambia sare za wajukuu wake basi, hadi wamalize darasa la sita. Hapo akakubali.

Tumepeana neno, mimi na yeye: nikimwandikia lolote la pesa asilijibu, anipigie kwa nambari anayoijua kwa kichwa, asikie sauti yangu. Jana nilimtumia picha ya kitambaa cha sare ya mjukuu nikimuuliza kama rangi ni hiyo, bei pembeni. Akanipigia. Nikamwambia ni mimi mama, ni kitambaa tu. Akasema najua, nimesikia sasa, haya, rangi ni hiyo.